Krismasi ya Kuning'inia

Mimi nauza mitumba Malaba, upande wa Uganda, na naomba niseme hili hasira ikiwa bado ya moto: Desemba si mwezi wa kumtoa mchuuzi kwenye meza yake. Ni mwezi ambao mtu asiyenunua hata soksi tangu Januari anakuja mbio kutafuta suruali ya kwenda nayo kwa wakwe. Lakini ukiwa na marafiki kama wangu, biashara ya nini? Wao wana wimbo mmoja tu: "Twende tukapumzike." Mimi nilivyolelewa, kupumzika ni mkeka, kivuli, redio, na mtu wa kukuletea chai. Siku hizi mapumziko yana helmeti.

Chanzo ni Injinia. Tunamwita hivyo kwa sababu aliwahi kutengeneza jenereta ya msikitini, ikawaka mara moja, na haijawaka tena. Kazi yake hasa ni wakala wa forodha, na malori yakikwama mpakani hushinda akitazama video. Ndiko alikokutana na Wamarekani wa Utah.

Huko, jamani, kuna jangwa lenye baridi. Mimi jangwa nililijua la ngamia na jasho, kumbe la Utah limekaa juu, na Krismasi ikifika theluji inaanguka kwenye miamba myekundu. Maji yameichonga miamba hiyo yakafanya makorongo, mengine membamba hivi kwamba mnene hupita ubavu-ubavu. Chini kuna madimbwi yasiyofikiwa na jua. Sasa mtu mwenye akili zake, mwenye nyumba yenye hita na bata mzinga mezani, anakusanya marafiki sikukuu hiyo hiyo, wanavaa suti za mpira, wanajifunga kamba, wanateremka humo, wanaogelea kwenye maji yanayokaribia kuganda, wanatokea upande wa pili meno yakigongana. Halafu wanacheka na kupigana picha.

"Na sisi tufanye," akasema Injinia. Alisema hivyo kibandani kwa Hajati, tunakokunywa chai, mbele ya mashahidi.

Nikamuuliza kama hao watu hawafi. Injinia hajui kudanganya haraka. Akasema mwaka 2015, kwenye hifadhi ya Zion, watu 7 walikuwa ndani ya korongo moja, mvua ikanyesha, mafuriko yakawachukua wote. Hilo hatuhitaji kufundishwa na Marekani. Muulize mtu wa Mbale, mji ulio chini ya Mlima Elgon, usiku ule wa mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipoingia mjini. Maji ya mlimani hayapigi hodi. Badala ya kunyamaza, Injinia akaongeza habari za Aron Ralston, kijana ambaye mwaka 2003 alibanwa mkono na jiwe kwenye korongo huko huko Utah, akakaa siku 5 peke yake, mwisho akaukata mkono kwa kisu kidogo, akatoka hai. Mama Aisha, mke wangu, alikuwa amepita kuchukua pesa ya makaa. Akayasikia kuanzia kwenye kisu. Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Baba Aisha, wewe kukata kucha tu unaita majirani."

Akachukua pesa yake akaenda. Mimi nilidhani mambo yameishia hapo.

Kumbe ubishi uliobaki ni wa kutafuta jangwa. Injinia akasema Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Bonge, ambaye lori lake linafika Moroto, akamkatalia: kule ni kukavu kweli, kiangazi mito mingi inabaki mchanga mtupu, lakini watu wanafuga na kulima mtama, utaitaje jangwa? Na korongo la kushuka kwa kamba umeliona wapi? Hapo Mwalimu akakohoa. Mwalimu anafundisha Kiswahili Tororo, na tangu Baraza la Mawaziri liamue mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe cha lazima shuleni, haongei tena, anahutubia. Akasema twende Sipi, kwenye maporomoko ya maji ya Kapchorwa, mabegani mwa Mlima Elgon. Baridi ipo, mwamba upo, maji yapo, kamba ipo, na ukisimama ukingoni unaiona nyika ya Karamoja imelala kule chini. "Jangwa mtalitazama kwa macho," akatoa hukumu.

Likaundwa kundi la WhatsApp. Mkiunda kundi la WhatsApp la safari, jueni kuna mtu atalipa na kuna mtu atatuma emoji. Kushuka kwa kamba kunalipiwa, na bei ya mtu mmoja unapata jogoo kadhaa wa sikukuu. Mimi si Mkristo, lakini jogoo wa Krismasi hana dini, nikasema hiyo pesa sina. Wakajibu haraka mno, kama watu waliokwisha kuzungumza pembeni: "Wewe toa majaketi."

Hapa inabidi nieleze. Robota la mitumba unalinunua likiwa limefungwa. Unafungua ukiomba Mungu, na Mungu kwa hekima yake anakupa majaketi ya theluji. Malaba! Mahali ambapo saa sita mchana hata mbuzi anagombania kivuli cha lori. Wanunuzi wa majaketi hayo ni askari wa usiku na vijana wa bodaboda msimu wa mvua, basi. Rais Museveni alipokuja Mbale mwaka 2023 kufungua viwanda, alitangaza kuipiga marufuku mitumba, akasema Mzungu akifa nguo zake hukusanywa zikaletwa Afrika. Sibishani na Rais. Ila marehemu yule, popote alipo, alijua kuvaa.

Nikawapa somo la bure, maana kitambaa ndicho ninachokijua. Pamba ikilowa inakaa na maji na kukunyonya joto la mwili. Jinzi ndiyo adui mkubwa. Sufu hata ikilowa haikutupi. Polista ya manyoya-manyoya inakauka upesi. Jaketi la manyoya ya bata ni raha tupu ukiwa mkavu, lakini likipata maji manyoya yanashikana, na hapo umevaa kuku aliyetoka kwenye sufuria ya kunyonyolewa. Wote wakatikisa vichwa kwa heshima. Kisha Injinia akachagua la manyoya ya bata, la rangi ya chungwa, eti linaonekana vizuri pichani. Mwalimu akavaa jinzi.

Njiani sina la kusema. Tororo, Mbale, Sironko, Muyembe, na kila tuliposimama Bonge alinunua kitu cha kutafuna. Baada ya Muyembe barabara inaanza kupanda, masikio yanaziba, na wale waliokuwa wakiniuliza "Majaketi yote haya ya nini?" wakaanza kuniita kaka.

Sipi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na jua likishazama hewa inashuka kutoka mlimani na kukutafuta wewe binafsi. Blanketi nilizopewa zilikuwa nzuri, tatizo zilikuwa fupi: ukifunika miguu kifua kinalia, ukifunika kifua vidole vinaaga. Asubuhi ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani. Wenyeji wakatuletea kahawa, na hapo sina ubaya wa kusema, kahawa ya Elgon ni kahawa. Ila walitupa kinu na mchi tutwange wenyewe, tukakaanga wenyewe kwenye moto wa kuni, machozi yakitutoka, halafu tukalipa. Nilimuuliza Mwalimu tunalipia nini hasa. Akasema, "Uzoefu." Mama yangu alinipa uzoefu wa kutwanga utoto wangu wote na hakunidai hata senti.

Kwenda kwenye mwamba tulipitwa na mtoto mwenye dumu la maji kichwani, anapanda, tena anaimba. Huku ndiko alikozaliwa Joshua Cheptegei, yule aliyekimbia mita 10,000 kwa dakika 26 na sekunde 11 mwaka 2020 na kuvunja rekodi ya dunia. Ukishaona njia wanazotumia kwenda kuchota maji, rekodi inakuwa jambo la kawaida. Bonge alisimama mara nyingi "kutazama mandhari."

Sasa sikilizeni nilivyoingizwa. Mimi nilikuja kulinda mali yangu. Mpango ulikuwa nikae juu, nishike mikoba, nihesabu majaketi. Lakini Bonge alipofika ukingoni akachungulia. Maporomoko yale makubwa yana kama mita 100, maji yanaanguka mpaka yanageuka moshi. Bonge akarudi kinyumenyume, akatangaza kwamba mkanda haumtoshi kabla hajaujaribu. Pesa yake imeshalipwa. Pesa hairudishwi. Macho yote yakanigeukia.

"Isipotee bure," akasema Injinia. Siku zote pesa ya mwenzako ikitaka kupotea bure, utatafutwa wewe uiokoe kwa mwili wako.

Kijana wa kamba, Msabiny, yaani mwenyeji wa huko, mwembamba, aliyevaa lugabire, zile ndala za tairi, akanifunga. Mkanda unapita kiunoni na kuzunguka mapaja, na ukikazwa unakumbuka kila ulichokula tangu Jumatatu. Mbele wanaweka chuma chenye umbo la nane, kamba inazunguka humo. Mkono wa kulia unashika kamba nyuma ya nyonga: ukilegeza unashuka, ukikaza unasimama. Chuma usikiguse, kinapata moto kwa msuguano. Miguu ipanue, ikanyage mwamba, mwili uegemee nyuma.

"Niegemee nyuma wapi?"

"Hapo, Mzee."

"Hapo hakuna kitu."

"Ndiyo, Mzee. Egemea."

Nikaona kuna kamba ya pili, ameishika yeye. Nikauliza ya nini. Akasema ya usalama, kama ya kwanza ikikataa. Nikauliza ya kwanza hukataa nini. Akacheka tu, akanisukuma helmeti ikae sawa. Simu niliichomeka chini ya helmeti, sikioni, kama wafanyavyo watu wa bodaboda, kwa sababu meza Malaba ilikuwa na Mama Aisha na wateja wa mwisho wa mwezi.

Nikashuka. Mwanzo haukuwa mbaya, macho nilifumba. Nilipofika mahali ambapo mwamba unaingia ndani na miguu inakosa pa kukanyaga, nikawa naning'inia nazunguka polepole, Karamoja ikipita, mwamba ukipita, Karamoja tena. Hapo simu ikalia. Elgon mtandao uko vizuri kuliko kwangu nyumbani.

"Baba Aisha, kuna mteja wa ile suruali ya kaki. Anataka kwa elfu kumi."

"Kumi na tano!"

"Anasema ushushe."

"Sishushi!" nikapiga kelele. Kule juu kijana wa watu akaikaza kamba ya usalama. Nikakwama papo hapo.

"Anaondoka, Baba Aisha. Ana pesa mkononi."

Maji yalikuwa yakinirushia manyunyu ya barafu shingoni, vidole havinitii. "Haya, shusha! Shusha kidogo!" Kijana akaachia. Nikateremka kama mita tatu kwa mkupuo, roho ikabaki juu. "Basi! Hapo hapo! Usishushe tena!" Nikasimama. Mteja naye, nikaambiwa baadaye, akasimama pale pale kwenye elfu kumi na mbili na mia tano. Bonge, aliyekuwa juu anakula mahindi, anasema nilishuka mwamba mzima hivyo hivyo, nikipatana bei na mlima.

Chini nilimkuta Injinia. Alikuwa ametangulia, na kwa ajili ya picha alikwenda kusimama karibu kabisa na maji yanapoangukia. Jaketi la chungwa lilikuwa limeshuka mpaka magotini, linatiririka, manyoya yote yamekusanyika mifukoni. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mwalimu ndani ya jinzi alikuwa haongei, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nikamhurumia. Nikawavua, nikawavalisha sweta za sufu nilizokuwa nimezifunga kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, mimi niliyeambiwa sina mchango.

Nikauliza gari liko wapi. Wakanyoosha kidole juu. Hakuna hata mmoja, si Injinia, si video zake, aliyewahi kusema kwamba mita zote ulizoshuka kwa kamba unazipanda kwa miguu. Njia ni matope, kuna ngazi, kuna mahali unashika mizizi, na katikati yupo mtu mwenye kitabu cha risiti anayesema umepita shambani kwake. Tukalipa. Mwenye lugabire alipanda amebeba kamba zote, akitusubiri kila kona kwa adabu iliyoniuma kuliko kicheko.

Jaketi lilirudi Malaba ndani ya kavera. Injinia anasema likianikwa litakuwa jipya. Nimelianika wiki nzima. Lina harufu ya bata aliyekufa kwa huzuni, na manyoya yamejikunja mafundo-mafundo. Nikamtajia bei. Akasema marafiki hawadaiani, halafu jioni ile ile akaandika kwenye kundi kwamba Pasaka tuende tena, safari hii yale maporomoko mengine ya juu. Nimejitoa kwenye kundi. Wakanirudisha. Nimejitoa tena.

Nilimsimulia Mama Aisha yote, taratibu, na mkono nikamwonyesha kamba ilipochubua. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Kisha akauliza wanawake wanatozwa bei gani, kwa sababu wenzake wa kikundi cha akiba wana pesa yao imekaa tu. Tangu jana anapekua robota jipya. Ameshatenga sweta nne za sufu na jaketi moja la polista, lile zuri lenye zipu isiyokwama, na bei hajaniuliza.