Amri ya Kuondoa Mbwa Kota Haiondoi Mbwa

Kila tetesi za kichaa cha mbwa zinapoenea Mwanza, iwe Igoma, Buhongwa au Pasiansi, huzuka kauli ileile kuhusu kambi na kota za askari: mbwa watolewe wote, kota zibaki za watu. Anayesema hivyo si katili. Mara nyingi ni mzazi ambaye mwanawe hupita hapo asubuhi akienda shule, au mkubwa wa kazi anayejua kwamba mtoto akiumwa na mbwa ndani ya uzio, wa kwanza kuulizwa ni yeye. Hoja yake ina uzito. Ila wale wanaotaka mbwa wabaki, wasajiliwe, wachanjwe, na daktari wa mifugo afunguliwe geti, wamekuwa wakichukuliwa kama watu wanaotetea starehe zao. Hapo wanaonewa, na wanaoumia kwa kuonewa huko ni watoto walewale tunaodai kuwalinda.

Nianze na wanaotaka mbwa waondoke. Kambi ni mahali pa kazi. Mlinzi wa zamu ya usiku anategemea masikio yake, na mbwa kumi wakianza kubweka kwa sababu paka kapita juu ya bati, hasikii tena kitu. Kota nyingi zimeshikana ukuta kwa ukuta, bomba ni la familia kadhaa, na jirani Mwislamu ana haki ya kutotaka mbwa alambe ndoo yake ya kutawadhia. Askari huenda mafunzoni au operesheni akakaa miezi, mbwa akabaki kwa mke mwenye watoto wadogo ambaye hakumtaka tangu mwanzo. Na penye mbwa wa kazi, kama wale wa Kikosi cha Mbwa na Farasi cha Jeshi la Polisi, kuna hofu ya kweli kwamba mbwa wa nyumbani asiyetunzwa ataleta kupe au parvo, ugonjwa wa kuharisha damu wa mbwa, kwa mnyama aliyefunzwa kwa fedha za umma. Sina la kupinga katika hayo.

Ninachouliza ni kimoja: amri ikishatoka, mbwa anakwenda wapi?

Baba mwenye nyumba hampigi risasi mbwa aliyelala mlangoni na watoto wake. Anamfunga kamba, anampakia kwenye bajaji, anampeleka kwa shemeji yake Kishiri. Asiyekuwa na shemeji anamshusha usiku karibu na mwalo, mahali penye vichwa vya sangara na dagaa waliomwagika, akijipa moyo kwamba hapo hatalala njaa. Na wapo wasiompeleka popote, wanamficha uani. Huyu wa uani ndiye anayenipa wasiwasi zaidi, maana mbwa aliyefichwa hachanjwi. Siku ya chanjo mwenyewe hawezi kumtoa hadharani, kwani kumtoa ni kukiri kwamba amevunja amri.

Aliyewahi kusimama kwenye siku ya chanjo ya mtaani anaelewa kwa nini nalishikilia hili. Panakuwa na meza moja chini ya mwembe, kasha la baridi lenye barafu, na foleni ya watoto. Huyu ameshika kamba ya katani, yule amemfunga mbwa kwa kipande cha kanga ya mama yake. Mbwa wengi hawajazoea kufungwa. Wanajitupa chini, wanaburutwa, mmoja anamkoromea mwenzake na foleni nzima inarudi nyuma. Afisa mifugo anainua ngozi ya shingo, anachoma, anaandika kadi. Kazi nzima haimalizi dakika mbili, lakini inamhitaji mtu wa kumshika mbwa huyo, anayemwita kwa jina naye akatulia. Asiye na mtu wa namna hiyo hafiki mezani, na kumkamata mbwa wa mtaani mmoja kwa wavu kunawatoa jasho wanaume watatu.

Hapa ndipo inapoingia asilimia 70. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mbwa wakichanjwa kwa kiwango hicho katika eneo na kiwango kikadumishwa, kichaa hukosa pa kupita. Haihitajiki kumchanja kila mbwa, wala kumuua hata mmoja. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa sana ni vifo 1,500 hivi kwa mwaka. Katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kambi ina mbwa 40, na 28 wamechanjwa. Hiyo ni asilimia 70 kamili. Amri inatoka. Wanaoitii kwanza ni waangalifu, wale wenye kadi, kwa kuwa ndio wenye tabia ya kufuata taratibu. Mbwa 20 waliochanjwa wanaondoka. Wanabaki 20, kati yao 8 tu ndio wenye chanjo. Uzio umebaki na nusu ya mbwa, lakini kinga imeshuka kutoka asilimia 70 hadi 40. Mkuu wa kambi akipita na kuona wamepungua ataandika kwamba zoezi limefanikiwa, ilhali mtoto anayekatiza uwanjani jioni ana hatari kubwa zaidi ya kukutana na mbwa asiye na chanjo kila anapokutana na mbwa. Na nafasi ya walioondoka haikai wazi. Mabaki ya chakula jikoni na jalalani ni yaleyale, hivyo majike yaliyobaki yanazaa, watoto wao wanapata chakula, na kabla ya mwaka kwisha idadi imerudi, safari hii bila kadi. Wale 20 waliohamishiwa Kishiri na kwingineko nao wanapitiliza muda wa chanjo ya marudio, kwa kuwa shemeji hakuomba mbwa na hana mpango wa kumpeleka popote.

Hesabu hii ni ya kubuni, lakini kwamba kinachozuia kichaa ni chanjo limekwisha kuonekana. Pale jirani, Serengeti, miaka mingi ya kuchanja mbwa wa vijijini ilipunguza ugonjwa kwa mbwa na idadi ya watu wanaoumwa na mbwa hao. Pemba walichanja mbwa mpaka kichaa kikatoweka, kikaingia tena mwaka 2016, wakachanja tena kikatoweka mara ya pili. Kote huko mbwa waliendelea kuishi na watu.

Wanaotaka kanuni badala ya marufuku hupenda kutaja kambi za Marekani, nao hujibiwa kwamba wale wana fedha. Kweli wana fedha, lakini tutazame utaratibu wenyewe. Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilipata kikosi chake cha madaktari wa wanyama mwaka 1916, wakati mizigo ikivutwa na farasi na nyumbu. Leo kazi yao ya kwanza ni mbwa wa kazi na ukaguzi wa usalama wa chakula cha askari. Wanyama wa familia wanakuja baadaye, na mwenye mnyama analipa. Kwa kawaida kaya inayoishi kwenye nyumba za kambi hairuhusiwi kuzidisha wanyama wawili, mbwa au paka. Mnyama anasajiliwa, anachanjwa kichaa na kuwekwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi. Na wanayo sababu ya kijeshi ya kuhudumia wanyama hao: daktari anayetibu mbwa wa familia kila wiki hapotezi uzoefu, siku mbwa wa kazi akijeruhiwa anakuwa tayari. Hoja hii haitegemei bajeti ya Marekani. Inahusu daktari yeyote wa wanyama mwenye jukumu la mbwa wa kazi.

Wanayo pia orodha ya aina za mbwa zilizokatazwa, kama pit bull na Rottweiler. Hilo kwetu lisitupotezee muda. Mbwa wa kota za Mwanza wengi ni wa kienyeji, na anayeuma huuma kwa sababu amefungwa mnyororo mfupi mchana kutwa, ana njaa, au amezaa juzi.

Daktari tunaye, au yupo karibu. Halmashauri za Ilemela na Jiji la Mwanza zina maofisa mifugo. Chuo cha mifugo cha Mabuki kipo Misungwi. Maabara ya veterinari ya kanda ipo hapahapa mjini. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 hazikuishia nje ya geti la kambi. Kinachokosekana ni barua moja inayomruhusu afisa mifugo wa kata aingie na kasha lake la barafu kwa tarehe inayojulikana, na mbao za matangazo ziseme wazi kwamba atakayeleta mbwa hataulizwa jambo jingine. Kuhusu gharama, dozi moja ya mbwa kwa mwaka ni ndogo sana ukilinganisha na dozi kadhaa anazohitaji mtu aliyeumwa, achilia mbali nauli za kurudi hospitali kila tarehe aliyopangiwa. Anayeona chanjo ya mbwa ni anasa aende akakae kwenye benchi na mama aliyeambiwa dawa imekwisha, ajaribu kituo kingine.

Wapo wanaokubali yote haya na bado wanasema: sawa, lakini uhamisho je? Hawa ndio wapinzani wangu wenye nguvu, na sioni jibu jepesi. Askari akipata barua ya kwenda Bukoba au Mtwara ana siku chache za kufunga mizigo. Mabasi mengi hayapokei mbwa. Fuso linalobeba vitanda na friji litapigwa jua njia nzima. Nimeona mbwa wa familia iliyohama akilala mbele ya mlango uliofungwa, akiinuka kila gari linapoingia, mpaka wapangaji wapya walipofika wakaanza kumfukuza kwa mawe. Huyo alikuwa na kadi ya chanjo. Mwaka uliofuata hakuwa na mtu wa kumpeleka. Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2024, askari anayehamishwa anarudishiwa gharama za kusafirisha mnyama mmoja, hadi dola 550 akihama ndani ya nchi na hadi dola 2,000 akivuka kwenda au kutoka ng'ambo. Siombi hilo hapa, na mlipa kodi wa Mwanza ana haki ya kulikataa.

Ninachoomba gharama yake ni ndogo. Askari anapokabidhi nyumba, mkaguzi hupita akihesabu funguo, vioo vya madirisha na taa. Aongeze swali la mbwa kwenye karatasi hiyohiyo: anasafiri na familia, anabaki kwa nani kwa jina na nyumba namba ngapi, au anakabidhiwa kwa afisa mifugo. Kadi ya chanjo imfuate mbwa kwa mwenyeji mpya. Na kwa kuwa upande wa pili umesema kweli kuhusu nafasi na kelele, ukomo uwe mbwa wawili kwa nyumba, jike lisilokusudiwa kuzaa lifungwe uzazi, na anayeacha mbwa wake bila kumkabidhi asipewe karatasi ya kuondoka mpaka alimalize.

Kisha ile siku ya chanjo itangazwe hata kwa walioficha, na mwaka wa kwanza mkuu wa kambi asihesabu mbwa wangapi wameondoka. Ahesabu kadi.