Chanjo kali ya Gumboro: inamkinga kifaranga, inakiumiza kifuko

Juu kidogo ya kloaka ya kifaranga, yaani tundu lake la kutolea kinyesi, kuna kifuko kidogo kinachoitwa bursa ya Fabricius. Binadamu na ng'ombe hawana. Ndani yake ndimo seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, hukomaa. Mwaka 1956 Bruce Glick na Timothy Chang, wakiwa Ohio, Marekani, walionesha kwamba kuku aliyetolewa kifuko hicho akiwa mdogo hushindwa kutengeneza kingamwili ipasavyo. Herufi B ya seli B imetokana na jina hilo la bursa.

Virusi vya Gumboro, ugonjwa wa kuambukiza wa vifaranga, huua seli hizohizo. Kifaranga wa wiki 3 hadi 6 huumwa waziwazi: anaharisha uharo mweupe, anajikunyata, anakufa. Aliyeambukizwa kabla ya wiki 3 anaweza asioneshe dalili yoyote, lakini kifuko chake kinasinyaa, na chanjo ya kideri (ugonjwa mwingine hatari wa kuku) anayopewa baadaye haishiki vizuri. Kideri kikiingia, mfugaji anailaumu chanjo ya kideri.

Chanjo hai za Gumboro, yaani zenye virusi hai vilivyodhoofishwa, za kuweka kwenye maji hutofautiana ukali, na hapo ndipo wafugaji na wataalamu wanapogawanyika. Wanaotetea chanjo kali wana hoja nzito. Kifaranga huanguliwa akiwa na kingamwili za mama zilizopitia kwenye kiini cha yai, na hizo huizima chanjo hafifu kabla haijafanya kazi. Virusi vikali vya bandani havisubiri zipungue. Chanjo kali hupenya mapema zaidi. Tangu virusi vikali mno vilipojitokeza Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa hadi Afrika, ni vigumu kumwambia aliyekwisha kupoteza kundi zima kwamba atumie chanjo ya upole.

Lakini chanjo hiyo kali hufanya kazi ndani ya kifuko kilekile, na huacha majeraha. Kifaranga mwenye kinga ndogo ya mama akiipewa mapema, kifuko kinaumizwa na kitu kilicholetwa kukilinda. Kwa kuku wa nyama anayechinjwa wiki ya 5 au 6, kwenye banda lenye historia ya Gumboro, naona hasara hiyo inavumilika. Kwa kuku wa mayai atakayeishi zaidi ya mwaka, kwenye banda safi, sioni sababu. Ninachokipinga ni mazoea ya kununua kali kwa kuwa jirani kanunua, kisha kuwanywesha vifaranga wote siku moja ilhali wametoka kwa mama tofauti wenye kinga tofauti. Tena virusi vya Gumboro hudumu bandani kwa miezi; maranda ya zamani yakiachwa humo, hakuna ukali wa chanjo utakaotosha.

Zipo chanjo za sindano zinazotolewa kituoni kifaranga anapoanguliwa, na baadhi yake hazikigusi kifuko. Ni nzuri, ila mfugaji mdogo huzipata tu kama kituo anachonunulia kinazitoa.

Kinachosahaulika kabisa ni kukagua. Mwombe daktari wa mifugo apasue vifaranga wachache wa wiki ya 4. Kifuko chenye afya wakati huo ni kikubwa kuliko bandama. Kikiwa kidogo kuliko bandama, sampuli iende maabara kabla hujaagiza chanjo ya kundi linalofuata.