Waliofungiwa akaunti 2015 ndio walioingia msitu wa Shakahola

Aprili 2015, siku chache baada ya Al-Shabaab kuua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, Inspekta Jenerali wa Polisi wa Kenya, Joseph Boinnet, alichapisha katika Gazeti Rasmi la Serikali orodha ya watu na mashirika zaidi ya 80 aliyoyashuku kuhusiana na magaidi. Humo yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu ya Mombasa, Haki Africa na Muhuri. Akaunti zao zikazuiwa, maofisa wa kodi wakaja wakabeba kompyuta. Juni, Mahakama Kuu ya Mombasa ikasema hakuna kinachowahusisha na ugaidi. Hata hivyo akaunti zilikuja kufunguliwa kwa amri ya korti mwezi Novemba. Tangu Aprili hadi Novemba, shirika lisilo na hela ya kodi ya nyumba wala ya mafuta ya gari halimfuatilii mtu yeyote aliyepotea.

Korti ilishasema, lakini lile jina la ugaidi halikufutika. Mpaka leo ukikaa baraza lolote la Kenya na kutaja haki za binadamu za washukiwa, utaulizwa: na haki za wale wanafunzi wa Garissa?

Wanaouliza hivyo wana lao, na si dogo. Hoteli ya Kikambala ililipuliwa Novemba 2002. Mhubiri Aboud Rogo alishtakiwa kwa kesi hiyo na mwaka 2005 akaachiliwa. Aliendelea kuhubiri, na kufikia Julai 2012 Umoja wa Mataifa ulikuwa umemwekea vikwazo kwa kuisaidia Al-Shabaab. Kule Kwale, wazee wa nyumba kumi waliodhaniwa kupeleka habari polisi waliuawa. Katika hali hiyo ni nani atakayepanda kizimbani kutoa ushahidi? Askari anayeujua mtaa, anayemjua kijana aliyetoka Somalia jana, anaona faili lake likianguka kortini kila mara. Hasira yake naielewa.

Lakini tazama hasira hiyo ilipofika. Abubakar Shariff, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makaburi, alikuwa mtu wa maneno ya kutisha. Shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, alilitetea waziwazi mbele ya kamera. Mtu huyohuyo alikwenda Mahakama Kuu kulalamika kwamba polisi walivamia nyumba yake kinyume cha sheria, na Machi 2014 korti ikampa fidia ya shilingi 670,000. Yaani aliyekuwa akiwahubiria vijana kwamba serikali hii haina haki alikuwa ametumia korti za serikali hiyohiyo na akashinda. Sijui hoja gani nyingine ingeyavunja mahubiri yake kuliko hiyo. Tarehe 1 Aprili aliuawa kwa risasi akiwa ametoka mahakama ya Shanzu, karibu na gereza la Shimo la Tewa. Kwa vijana waliokuwa wakimsikiliza, somo lilikuwa limekamilika.

Hapo ndipo takwimu moja hunisumbua kila nikiisoma. Mwaka 2017 shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti uliowahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi ya itikadi kali katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya na Somalia zikiwamo. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni kabisa ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Mtu mwenye shaka atasema, na mimi mwenyewe nimesema: si kila mfungwa atamlaumu aliyemfunga? Kweli. Aliyechinja watu hana raha ya kukiri kwamba alifuata mshahara au sifa. Utafiti huohuo unataja pia umaskini na dini, ingawa wengi walikiri kwamba maandiko waliyodai kuyapigania hawayajui vizuri. Basi punguza. Toa nusu nzima uiite uongo. Bado unabaki na zaidi ya mmoja katika kila watatu ambaye mwajiri wake wa mwisho alikuwa risasi ya serikali.

Ukitaka kuiona asilimia hiyo ina sura gani, mfikirie mama wa Majengo, Mombasa, aliyeshika picha ndogo ya pasipoti ya mwanawe. Kituo cha kwanza anaambiwa hayuko, kituo cha pili anaandikiwa namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, kisha anaanza kuzunguka mochari. Nyuma yake kuna mtoto mdogo wa kiume anayembebea mkoba, na hakuna neno linalompita. Anayeandamana na mama huyu, akamwandikia barua na kumtafutia wakili, ni yule afisa wa haki za binadamu anayeitwa wakili wa magaidi.

Watetezi hao nao wana kasoro zao. Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri, alipokonywa msikiti wa Sakina na vijana wenye misimamo mikali, kisha Juni 2014 akauawa kwa risasi Likoni. Kelele za wanaharakati kabla ya kifo chake, alipokuwa akitishwa, hazikulingana na zile walizopiga dhidi ya polisi. Pengine waliogopa. Wangekuwa wajinga wasingeogopa.

Kisha ikaja Aprili 2023. Habari za watu wanaojinyima chakula hadi kufa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, zilipovuja, Haki Africa walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kupiga kelele na kuingia vichakani kusaka waliokuwa bado wana pumzi. Safari hii itikadi kali ilivaa suti ya mchungaji. Maiti zilizofukuliwa zilipita 400, idadi inayozidi Garissa na Westgate kwa pamoja, na bado sikusikia mtu akipendekeza mchungaji huyo, Paul Mackenzie, apigwe risasi barabarani usiku. Alifikishwa kortini akiwa hai, ana wakili, kwa mashtaka ya ugaidi na mauaji. Kesi inakwenda kwa mwendo wa kobe na ndugu wa marehemu wamechoka. Lakini mashahidi wanapanda kizimbani, wanasema walichokiona, na karani anaandika.