Dumu la nne

Gatini Mokowe, Lamu, injini ya boti ya mipigo minne (four-stroke) bado inasemwa vibaya: nzito, ghali, ikiharibika fundi wa kisiwani haiwezi. Uzito ni kweli. Injini ya mipigo miwili ya nguvu za farasi 40 ina kilo 70 na kitu. Ya mipigo minne hukaribia 100, na tezi ya boti nyembamba huzama kidogo. Ya mipigo miwili haina vali za kupimwa wala mkanda wa kuziendesha, hivyo mwenye spana na plagi mpya huifufua pale pale ufukoni.

Lakini petroli inakwenda wapi? Ndani ya injini hiyo, mchanganyiko mpya huingia kwenye silinda tundu la moshi likiwa wazi, maana huo mpya ndio unaousukuma nje moshi wa zamani. Sehemu yake hutoka nao bila kuungua. Kwenye injini ya kabureta hasara hufika hata robo ya mafuta. Robo! Nunua madumu manne ya lita 20, na dumu zima laweza kuishia majini bila kusukuma boti hatua moja. Ukichanganya oili ndani ya petroli kwa kipimo cha 1 kwa 50, madumu hayo yamemeza lita 1.6, na robo yake pia imefuata maji hadi mikokoni, kamba wachanga wanakokulia. Injini ikienda polepole hasara huzidi, na kwenye mikondo myembamba maji yakipwa hakuna nahodha anayekwenda kasi.

Mvuke nao uliachwa kwa hesabu kama hiyo. Injini zake za pistoni ziligeuza takriban sehemu moja ya kumi ya joto la makaa kuwa mwendo. Ya Rudolf Diesel ilipopimwa mwaka 1897 ilifika asilimia 26. Meli zikahama, ingawa mafundi wa boila walikuwa tele.

Mipigo minne ina masharti yake: oili ibadilishwe kila saa 100, vali zipimwe, petroli ya dumu ipite kwenye chujio linalotenga maji. Impela, yaani panga la pampu ya maji ya kupoza, italiwa na mchanga kwenye injini zote mbili.

Mvuvi mwenye farasi 15, anayeing'oa kila jioni akaibeba begani hadi nyumbani, simlaumu akibaki na mipigo miwili. Boti ya abiria ya Faza, inayokwenda kila siku, dumu lake la nne hulipwa na abiria katika nauli.