Cobh: Walioondoka na Waliobaki

Kati ya mwaka 1848 na 1950, watu wapatao milioni 2.5 waliihama Ireland kupitia Cobh, mji mdogo wa bandari uliojulikana kama Queenstown hadi mwaka 1920. Stesheni yake ya zamani ya reli leo ina makumbusho ya safari hizo, na karibu na gati imesimama sanamu ya Annie Moore na wadogo zake wawili. Binti huyo ndiye mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha Ellis Island, New York, tarehe 1 Januari 1892.

Kumbukumbu hii ni ya haki, lakini waliobaki na viwanda vilivyowaajiri navyo vinastahili kuenziwa. Vitukuu wa wahamiaji huja kutoka Marekani kutafuta mahali ambapo wazee wao waliiaga nchi, na meli za watalii zinapofunga gati, wenye maduka hupata riziki.

Ila ukitazama ng'ambo ya maji unakiona kisiwa cha Haulbowline, ambako kiwanda cha chuma kilifanya kazi hadi mwaka 2001. Huku Rushbrooke, kitongoji cha Cobh, Mholanzi Cornelis Verolme alianzisha mwaka 1959 kiwanda cha kuunda meli, kilichofungwa mwaka 1984 baada ya kukamilisha meli ya doria ya jeshi la majini, Eithne. Ajira hizo ndizo zilizowawezesha vijana wengi kuoa, kujenga na kuzeeka nyumbani badala ya kwenda kutafuta maisha ughaibuni.

Wanaosita kuvienzi viwanda hivyo wana hoja nzito. Taka za chuma zilizorundikwa kisiwani kwa miongo kadhaa zilikuwa na sumu, na Serikali ililazimika kuzifunika kwa fedha za umma hadi pakawa bustani. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona inadai historia kamili, inayoitaja sumu pamoja na mshahara, wala haihalalishi ukimya. Isitoshe, kiwanda cha meli kilifungwa katika muongo uleule ambao Waireland walianza tena kuhama kwa wingi, kwa hiyo habari za viwanda na za wahamiaji haziwezi kutenganishwa.

Aliyekuwa mwanagenzi wa miaka 18 mwaka 1984 sasa ana takriban miaka 60, na mafundi waliomfundisha kuchomelea wanazidi kupungua. Sauti zao zirekodiwe sasa, na zisikike ndani ya stesheni ileile.