Skrini ndiyo mwenye nyumba

Ukimsikiliza anayeanza kuchezea elektroniki, swali lake la kwanza huwa: ninunue bodi gani? Nami nilianza hivyohivyo. Nilikuwa na Arduino Uno R3 mezani, bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu, nikaagiza skrini ya kugusa ya inchi 2.8, nikajua kilichobaki ni kuchomeka waya. Leo nasema mradi wenye skrini upangwe kwa kuanzia kwenye skrini yenyewe. Hiyo ndiyo mwenye nyumba. Chipu, yaani ubongo wa bodi, ni mpangaji.

Hesabu yenyewe ni ya dakika moja. Skrini ile ina pikseli 320 kwa 240, na kila pikseli inakula baiti 2 za rangi. Picha moja kamili ni baiti 153,600. RAM yote ya Uno hiyo, yaani kumbukumbu yake ya kufanyia kazi, ni baiti 2,048! Kwa hiyo picha haiandaliwi pembeni ikatumwa ikiwa tayari. Unachora kipandekipande papo hapo kwenye skrini, na jicho linakuona. Kipimajoto changu kilikuwa kikifuta ukurasa mzima kila namba ilipobadilika. Kufuta tu kulichukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, maana Uno hiyo haitumi data kwa SPI, njia ya waya kati ya chipu na skrini, zaidi ya megahezi 8. Kikawa kinapepesa kama taa inayotaka kuungua. Nilihangaika na waya siku mbili nikidhani zimelegea. Kumbe dawa ilikuwa kuacha kufuta: andika namba mpya pamoja na rangi ya nyuma yake, juu ya ile ya zamani, basi.

Chipu kubwa zaidi nayo ina mipaka yake. ESP32, chipu yenye Wi-Fi ndani yake, ina kilobaiti 520 za RAM, lakini usizihesabu zote kuwa zako, Wi-Fi nayo inakata fungu lake. Ndiyo maana wanaotumia LVGL, maktaba ya programu ya kuchora vitufe na kurasa za skrini, mara nyingi hutenga nafasi ya sehemu ya kumi tu ya skrini, baiti 15,360, na picha inapita humo kwa awamu.

Kuhusu volti nitasema kidogo: chipu ya skrini kama hizi hutaka ishara za volti 3.3, Uno inatoa 5. Weka kibadilishaji cha volti za ishara katikati, usicheze bahati nasibu.

Kinachosahaulika kuliko vyote ni kidole. Kwenye kompyuta, kitufe cha pikseli 30 kinapendeza. Kwenye skrini hii kina upana wa milimita 5 na kitu, na hizi za bei nafuu zinazohisi mgandamizo hukosea kidogo hata baada ya kuzirekebisha. Siku hizi, kabla sijaandika hata mstari mmoja wa programu, nakata karatasi ya milimita 57 kwa 43, nachora vitufe kwa penseli na kuvibonyeza kwa gumba. Kwenye mradi nilio nao sasa nilitaka vitufe 15 chini ya namba kubwa ya joto. Gumba limeniachia 6.