Louise Brooks: Aliponzwa na Studio au Alijiponza?

Filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, nyota kadhaa wa filamu bubu walipoteza kazi kwa madai kwamba sauti zao hazifai. Louise Brooks, mzaliwa wa Kansas aliyeingia kwenye filamu akitokea kwenye dansi ya jukwaani, huhesabiwa miongoni mwao, jambo ambalo kwa maoni yangu si sahihi.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Mwaka 1928 studio ya Paramount ilimnyima nyongeza ya mshahara, ikamtaka achague kubaki kwa malipo yaleyale au kuondoka. Akaondoka, akavuka bahari hadi Berlin, ambako mwongozaji G. W. Pabst alimpa nafasi ya Lulu, mhusika mkuu wa filamu bubu ya Pandora's Box. Huku nyuma, Paramount iliamua kuitia sauti The Canary Murder Case, filamu aliyokwisha kuiigiza ikiwa bubu, na alipoitwa arudi kurekodi alikataa katakata. Ndipo zikaenea habari kwamba sauti yake haifai. Huo ulikuwa uzushi mtupu, kwani mwaka 1931 alizungumza mwenyewe katika filamu za sauti, na hakuna kibaya kilichosikika.

Lakini uzushi huo hauelezi yote. Mwaka huohuo wa 1931 mwongozaji William Wellman alimtaka katika The Public Enemy; Brooks akakataa na kwenda zake New York, na nafasi ikamwangukia Jean Harlow, ambaye nyota yake ilikuwa ndiyo kwanza inapanda. Mlango unaodaiwa kufungwa na studio ulikuwa bado wazi. Kufikia mwaka 1938 alimalizia na filamu ya makauboi ya bei nafuu pamoja na John Wayne, kisha akaishia kuuza bidhaa dukani.

Ningesema basi kwamba alijiponza, ila ukaidi uliomkosesha kazi ndio uliompeleka Berlin. Mwigizaji mtiifu asingempata Lulu. Katika Pandora's Box, wenzake wanapotumbua macho na kurusha mikono, yeye hutulia, akainua uso taratibu na kutabasamu kidogo, kiasi kwamba wakosoaji wa 1929 walidai haigizi kabisa. Ilipofika miaka ya 1950, wahifadhi wa filamu za zamani Henri Langlois wa Paris na James Card wa Rochester, katika jimbo la New York, waliona utulivu uleule wakauita kipaji, na Card akamshawishi ahamie Rochester, alikoandika makala za filamu zinazosomwa hadi leo.

Anayetaka kupima ugomvi huo kwa macho na masikio yake aitazame The Canary Murder Case. Midomo ni ya Brooks, maneno yanatoka kwa mwigizaji mwingine, Margaret Livingston, na mara nyingine hata mwili unaoonekana kwa nyuma si wake.